ABEBE BIKILA: MWANARIADHA AU MWANAMICHEZO?

Utangulizi

Mjadala kuhusu nani aliye bora kuliko wote katika historia ya michezo hauna msimu. Husikika katika mabweni ya Nchiru wakati wa Kombe la Dunia, ukasikika tena ndani ya matatu za barabara ya Meru kwenda Maua wakati wa Olimpiki, na kila mara huanza kwa kelele na kuishia kwa kelele. Mpenzi wa soka humtaja Pele na kuhesabu makombe matatu ya dunia aliyoyatwaa mwaka 1958, 1962 na 1970. Mpenzi wa ndondi humleta Muhammad Ali. Anayefuatilia mbio humsimamisha Kipchoge Keino au Eliud Kipchoge. Hakuna anayeshindwa, kwa kuwa vipimo vyenyewe havilingani. Bao halipimwi kwa sekunde, wala konde halipimwi kwa mita.

Kiswahili kina jambo la kuchangia katika mjadala huu, kwani lugha hii hutofautisha mwanariadha na mwanamichezo. Neno riadha lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mazoezi ya mwili kwa jumla, lakini katika matumizi ya Kiswahili limejifunga zaidi kwenye mbio, miruko na mitupo. Mwanamichezo ni jina pana zaidi. Humbeba mkimbiaji, mwogeleaji, mpiga ndondi na mcheza tenisi. Aidha, kutokana na jina hilo hupatikana uanamichezo, ambao hautaji wingi wa michezo bali tabia ya mchezaji anaposhinda na anaposhindwa. Mtu aweza kuwa mwanariadha bora pasipo kuwa mwanamichezo bora.

Katika Afrika Mashariki yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yalivuka kutoka jina la kwanza hadi la pili, tena si kwa hiari yake. Huyo ni Abebe Bikila wa Ethiopia. Wengi humjua kwa mbio mbili tu, ya Roma na ya Tokyo, na hesabu yao juu yake huishia hapo. Hesabu hiyo ni pungufu, na upungufu wake ndio unaofanya maisha yake yastahili kusimuliwa upya.

Malezi na jeshi

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa. Siku hiyohiyo, katika jiji la Los Angeles, mbio za marathoni za Olimpiki zilikuwa zikikimbiwa. Jina lake hasa ni Abebe. Bikila ni la babaye, kwa mujibu wa desturi ya Waethiopia. Alikuwa wa jamii ya Waoromo. Alipokuwa na umri wa miaka 3, majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, na familia yake ikawa miongoni mwa zilizohama makao. Utoto wake ulipita katika uchungaji wa mifugo, kupanda farasi, kuogelea na kucheza genna, mchezo wa Kiethiopia wa kupiga mpira kwa magongo. Katika malezi hayo hakuna aliyekuwa akimwandalia ubingwa wa dunia.

Alipokuwa kijana alikwenda Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Humo ndimo alimokutana na Onni Niskanen, Msweden aliyezaliwa Finland, ambaye aliajiriwa na serikali ya Ethiopia kufunza mazoezi ya viungo. Niskanen aliwapa askari wake mbio ndefu na mbio fupi za kurudiarudia, akapima mapigo ya moyo na kuandika muda wa kila mmoja. Mazoezi hayo yalifanyika katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mapafu hulazimika kujifunza kubana matumizi. Hata hivyo, katika marathoni yake ya kwanza mjini Addis Ababa Abebe hakushinda. Alikuwa wa pili. Nafasi ya kwenda Roma aliipata akiwa na umri wa miaka 28, naye nje ya Ethiopia hakujulikana na mtu yeyote.

Roma, 1960

Mbio za Roma zilifanyika jioni ya tarehe 10 Septemba 1960 ili kuliepuka jua. Zilianzia Kilima cha Kapitolini na kumalizikia kwenye Tao la Konstantino, na sehemu kubwa ya mwisho ilipita katika Barabara ya Apia, ambako askari walisimama kandokando wakishika mienge. Abebe alitokea mstarini akiwa peku. Viatu alivyojaribu mjini humo vilimbana na kumtia malengelenge, na kwa kuwa nyumbani alizoea kukimbia bila viatu, yeye na mwalimu wake waliona ni heri nyayo zake mwenyewe kuliko viatu vya kuazima. Waliotazama walimwona kama kichekesho.

Niskanen alikuwa amemtahadharisha dhidi ya Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, aliyetarajiwa kuvaa nambari 26. Rhadi akaja mstarini na nambari 185. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Abebe alipita mkimbiaji mmoja baada ya mwingine akiitafuta nambari 26 mbele yake, na baada ya kilomita 20 hivi alibaki na mwenzake mmoja tu, wakakimbia bega kwa bega gizani. Mwenzake huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Waliandamana hivyo hadi zilipobaki mita 500 hivi, ndipo Abebe alipochomoka. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, akimwacha Rhadi kwa sekunde 25. Barry Magee wa New Zealand alikuwa wa tatu. Muda huo ulikuwa bora kuliko wowote uliowahi kuandikwa katika marathoni, ukiupita ule wa Sergei Popov wa Umoja wa Kisovieti kwa chini ya sekunde moja. Abebe akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki akiiwakilisha nchi ya Kiafrika.

Mahali penyewe paliongeza uzito wa ushindi huo. Karibu na njia ya mbio ulisimama mnara wa mawe wa Aksum, ambao Waitalia waliung'oa Ethiopia na kuusimika Roma mwaka 1937. Mtoto aliyekimbizwa na vita vya Mussolini alirudi katika mji mkuu wa mvamizi akiwa askari wa mfalme yuleyule aliyefukuzwa, akaupita mnara ulioporwa na kushinda. Mnara huo ulirejeshwa mwaka 2005 na kusimikwa tena Aksum mwaka 2008. Abebe alitangulia kuipa nchi yake fidia ya aina nyingine.

Liko pia jambo moja ambalo wasimuliaji wengi wa ushindi wa Roma huliruka. Tarehe 18 Septemba 1960, siku 8 baada ya marathoni, katika mji uleule yalifunguliwa mashindano ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya walemavu. Yalikuwa matunda ya kazi ya Ludwig Guttmann, daktari wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, aliyeanzisha mashindano ya upigaji mishale kwa wagonjwa wa uti wa mgongo mwaka 1948. Hakuna aliyeweza kubashiri kwamba bingwa aliyetoka kushangiliwa Roma siku chache kabla angelazwa katika hospitali hiyo hiyo ya Guttmann.

Kati ya dhahabu mbili

Sifa hazikumkinga Abebe na misukosuko ya nchi. Mnamo Desemba 1960 mkuu wa Kikosi cha Walinzi, Mengistu Neway, alijaribu kumpindua mfalme aliyekuwa ziarani ng'ambo. Jaribio lilizimwa kwa damu, na Mengistu alinyongwa mwaka 1961. Abebe, akiwa askari wa kikosi hicho, alizuiliwa kwa muda kisha akaachiliwa. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu apokewe kama shujaa. Katika mwaka 1961 alishinda marathoni za Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikwenda Boston akamaliza wa tano.

Ilipokaribia Olimpiki ya Tokyo alishikwa na maradhi ya kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji mnamo Septemba 1964. Zilibaki takriban wiki 5 kabla ya mbio. Wachache walimtarajia amalize, sembuse ashinde. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii akiwa amevaa viatu na soksi, na kufikia nusu ya njia alikuwa akiongoza. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, muda mwingine ambao haukuwahi kufikiwa, na Basil Heatley wa Uingereza aliyemfuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 4. Wenzake walipokuwa wakiingia uwanjani wakiwa hoi, Abebe alikuwa nyasini akinyoosha viungo kana kwamba mazoezi ndiyo kwanza yanaanza. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni mbili za Olimpiki kabla yake. Katika Olimpiki hiyohiyo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza, shaba ya mita 800. Jirani wa kaskazini alikuwa amekwisha kuonyesha njia.

Haile Selassie alimpandisha cheo kuwa luteni, akampa nyumba na gari dogo aina ya Volkswagen. Gari hilo lilikuwa zawadi ya shukrani.

Mexico City na ajali

Kuanzia mwaka 1967 miguu ilianza kumsaliti. Alikwenda Mexico City mwaka 1968 akiwa na jeraha, na nambari aliyopewa ilikuwa 1. Kabla ya kilomita 20 alijitoa. Mwenzake Mamo Wolde, ambaye siku chache awali alikuwa ameshindwa na Naftali Temu wa Kenya katika mita 10,000, aliendelea mbele na kuiletea Ethiopia dhahabu ya tatu mfululizo ya marathoni. Hesabu ya Abebe barabarani ilifungwa hapo: marathoni 16, ambapo alishinda 12, akawa wa pili mara moja, wa tano mara moja, na mbili za mwisho hakuzimaliza. Aliporudi nyumbani alipandishwa cheo kuwa kapteni.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Volkswagen aliyozawadiwa ilipinduka njiani. Abebe alibanwa ndani hadi asubuhi. Alipotolewa, mwili ulikuwa umepooza kuanzia shingoni. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na mara nyingi methali hiyo hutajwa kijuujuu, kama tahadhari kwa wanaowacheka walemavu. Kwa Abebe ilikuwa taarifa ya jambo lililokwisha kutokea. Miguu iliyoipita Roma bila viatu haikuweza tena kuhisi sakafu.

Alipelekwa Stoke Mandeville na kukaa huko kwa muda wa miezi 8. Polepole mikono ilipata nguvu. Miguu haikurudi.

Mishale, meza na theluji

Ni hapa ambapo wasimulizi wengi humalizia kwa neno la huruma, na ni hapa ambapo sura ya pili ya maisha yake huanza. Katika Stoke Mandeville michezo haikuwa burudani ya kuwasahaulisha wagonjwa maradhi yao. Ilikuwa sehemu ya tiba. Guttmann aliamini kwamba mkono unaovuta upinde hujenga kifua na mabega, na kwamba mgonjwa anayeshindana huanza tena kujihesabu miongoni mwa watu. Abebe alijifunza kupiga mishale na kucheza tenisi ya meza akiwa katika kiti cha magurudumu, na mwaka 1970 alishindana katika michezo yote miwili kwenye Mashindano ya Stoke Mandeville.

Ni vyema kutafakari maana ya jambo hilo. Mtu aliyekuwa bora duniani katika mchezo mmoja alikubali kuwa mwanafunzi katika mchezo mwingine, mbele ya macho ya watu. Mpiga mishale hahitaji mapafu ya nyanda za juu, wala mcheza tenisi ya meza hafaidiki na uvumilivu wa kilomita 42. Karibu kila alichokijua kuhusu kushinda hakikumfaa. Kilichobaki ni nidhamu ya mazoezi, utulivu, na uwezo wa kushindana bila kudai heshima ya jana.

Mnamo Aprili 1971 alialikwa Norway katika michezo ya walemavu. Alialikwa kama mgeni, lakini hakukaa kama mgeni. Alipiga mishale, akacheza tenisi ya meza, kisha akaingia katika mashindano ya kusafiri juu ya theluji kwa chombo kinachokokotwa na mbwa. Mzaliwa wa Shewa aliwashinda washindani wote katika kundi la watu 16, kwa saa 1, dakika 16 na sekunde 17. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwaka 1972 alihudhuria Olimpiki ya Munich akiwa mgeni wa heshima, na uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni ya mwaka huo, alimwendea kitini kumpa mkono. Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu katika ubongo, matokeo ya muda mrefu ya ajali ile. Alikuwa na umri wa miaka 41. Aliacha mke, Yewebdar, na watoto wanne. Mfalme alitangaza siku ya maombolezo ya taifa, na maelfu kwa maelfu ya watu walimsindikiza kaburini. Uwanja mmoja wa michezo wa Addis Ababa hubeba jina lake.

Kumpima Abebe

Je, Abebe Bikila ndiye mwanamichezo bora wa nyakati zote? Zipo hoja nzito za kumpinga. Muda wake wa Tokyo ni wa kawaida ukilinganishwa na saa 2 na sekunde 35 alizokimbia Kelvin Kiptum huko Chicago mwaka 2023. Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki alishinda marathoni mbili za Olimpiki, mwaka 1976 na 1980, na Eliud Kipchoge alifanya vivyo hivyo mwaka 2016 na 2021. Kwa wingi wa michezo, Jim Thorpe wa Marekani alishinda pentathloni na dekathloni katika Olimpiki ya mwaka 1912, akacheza pia besiboli na futiboli ya Kimarekani kama mchezaji wa kulipwa. Babe Didrikson alitwaa dhahabu mbili za riadha Los Angeles mwaka 1932, kisha akawa bingwa wa gofu. Kundi la watu 16 kwenye theluji ya Norway haliwezi kuwekwa kwenye mizani moja na ushindi wa aina hiyo.

Hoja hizo ni za kweli, na anayemtetea Abebe hana haja ya kuzikana. Hata hivyo, zina upungufu mmoja. Kulinganisha muda wa mwaka 1964 na wa mwaka 2023 ni kulinganisha viatu, barabara, lishe na fedha, si watu pekee. Na katika suala la viatu, Abebe wa Roma yuko nje kabisa ya mlinganisho. Thorpe na Didrikson nao walihama mchezo hadi mchezo wakiwa na miili mizima iliyowatii. Kipawa kilekile ndicho kilichowabeba kote. Abebe alinyang'anywa kipawa chake kwanza, kisha akaanza upya.

Kwa mizani ya riadha, basi, Abebe ni mmoja wa wakuu wachache, na nafasi yake hasa itabishaniwa kila Olimpiki ikija. Kwa mizani ya mwanamichezo, kwa maana zote mbili ambazo Kiswahili hulipa neno hilo, wa kumtangulia ni wachache mno. Alishindana akiwa peku na akiwa na viatu, akiwa mzima na akiwa na mshono wa upasuaji tumboni, kwa miguu na kwa magurudumu, katika mchezo alioutawala na katika michezo ambayo alikuwa mwanagenzi. Mjadala wowote unaomtaja na kuishia Mexico City umemhesabu mwanariadha na kumsahau mwanamichezo.